Kisa cha ofisa wa mikopo aliyerudi darasani na miaka 44 kusomea dizaini ya gemu

Kabla ya kuanza

Hiki kisa nimekiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, na amekisoma mwanzo mpaka mwisho akaniambia sawa, weka. Jina lake nimetoa, mtaa, chuo na Sacco aliyofanyia kazi pia nimetoa, na kuna vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili hata jirani yake akisoma asijue ni yeye. Hapa tutamwita Mama Z. Mimi nashughulika na watu wazima wanaorudi masomoni hapa Nairobi, yaani tunakaa chini tunapanga masomo, pesa na nyumba, na kisa chake nimekichagua juu kinaonyesha kitu naona watu wengi wanakosa: mtu wa miaka arobaini na kitu akiingia darasa la gemu anadhani amekuja mikono mitupu, halafu anamaliza mwaka mzima akikimbiza vijana kwa kitu chenye vijana wanamshinda, na ile mali alikuja nayo hakuna mtu anaiuliza, hata yeye mwenyewe.

Alikotoka

Mama Z alizaliwa 1979, akafanya KCSE 1997 akapata C, akaanza kozi ya uhasibu lakini hakufika mwisho juu karo iliisha. Akaingia kwa Sacco ya matatu kama karani, akapanda pole pole mpaka akawa ofisa wa mikopo. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano kazi yake ilikuwa hii: mwenye gari anakuja anataka mkopo wa gari ya pili, yeye anaangalia akiba, anaangalia wadhamini, anaangalia vile hesabu ya kila siku imekuwa ikiingia, halafu anasema ndio, hapana, ama ngoja kwanza. Kumbukeni hii kazi, tutairudia.

Ako na mume ambaye ni fundi wa stima na watoto wawili. Kisa kinapoanza, 2023, mkubwa alikuwa Form Three na mdogo alikuwa Grade 7, ile darasa ya kwanza kabisa ya JSS, kwa hivyo nyumba ilikuwa inalipa karo pande mbili na hakuna aliyekuwa na uhakika ile ya mdogo itaendaje.

Gemu ziliingia maisha yake wakati wa Corona. 2020 matatu zilikuwa zinabeba abiria kidogo kwa amri ya serikali, mikopo imesimama, ofisi imefungwa nusu, akaanza kucheza zile gemu za shamba na za duka kwa simu ya mtoto wake. Kuzicheza tu si kitu, watu wengi walicheza. Yeye alikuwa na kitabu cha mazoezi anaandika kwa nini ameacha kila gemu. Nimekiona hicho kitabu. Kurasa na kurasa, mistari kama "hii nimeacha siku ya nne, pesa imejaa na hakuna kitu cha kuamua" ama "hii inanifanya ningoje saa mbili ili ninunue, wanataka M-Pesa yangu." Hakujua hiyo ni kazi watu wanalipwa kufanya.

Kwa nini chuo, na YouTube iko bure

Hili ndilo swali kila mtu alimuuliza na ni swali la haki. Vifaa vyote muhimu viko bure: Godot ni injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa, Blender ya kuchora vitu vya 3D ni ya bure, masomo yamejaa intaneti. Alijaribu hivyo karibu mwaka mzima wa 2022 na hakufika mbali. Sababu aliyonipa naiweka vile alisema: "Nikisema naenda darasani hakuna mtu ananiuliza chakula kiko wapi. Nikisema nasoma kwa simu, kila mtu anaona niko free." Mwanaume wa miaka hiyo akikaa na laptopu sebuleni watu wanamwacha. Mama akikaa na laptopu sebuleni anaitwa jikoni. Kwa hivyo karo alikuwa ananunua masomo, ndio, lakini zaidi alikuwa ananunua ruhusa ya kutokuwa nyumbani jioni.

Akachagua diploma ya miezi kumi na nane, darasa la jioni hapo tao, kuanza Septemba 2023, huku akiendelea na kazi. Hiyo ya kutoacha kazi ilikuwa uamuzi mzuri na sitaieleza sana. Vyeti vilisumbua kidogo tu: cheti cha KCSE kina jina la usichana, kitambulisho kina jina la ndoa, akaenda kwa wakili akaapa hati ya kiapo, chuo kikakubali.

Pesa ndiyo ilikuwa na shida ndani yake. Alichukua mkopo kwa Sacco, ile kawaida ya mara tatu ya akiba, unakatwa moja kwa moja kwa mshahara, wadhamini ni wenzake wawili wa ofisi. Na hakumwambia mume. Miaka kadhaa nyuma alikuwa ameweka pesa kwa mradi wa kuku ukafa, na maneno aliyosikia wakati ule hakutaka kuyasikia tena. Akasema nitamwambia nikishaonyesha kitu.

Laptopu akanunua ex-UK, yaani iliyotumika, kwa maduka ya Luthuli, ya bei ya chini: RAM 8, haina kadi ya grafiki, na betri ilikuwa inakaa dakika kama ishirini hivi. Muuzaji alimwambia hiyo inafanya kila kitu. Kwa ofisi ni kweli.

Semista ya kwanza: kukimbiza picha

Wiki zile zile anaingia darasani ndio kampuni ya Unity, wenye injini ya gemu ya jina hilo hilo, ilitangaza, Septemba 2023, kwamba itaanza kutoza watengenezaji ada kila gemu ikiwekwa kwa simu ama kompyuta ya mchezaji baada ya kuvuka kiwango fulani. Dunia nzima ya gemu ikawaka moto. Chuo chao kilikuwa kinafundisha na Unity, wanafunzi wakauliza sasa tumelipa karo tusomee kitu kinaenda kufa? Mwalimu wao, kijana mwenye busara sana kwa maoni yangu, akawaambia tunaendelea na Unity lakini kila mtu ajaribu Godot pia nyumbani, mjue kanuni ni zile zile. (Unity waliiondoa hiyo ada kabisa mwaka mmoja baadaye, Septemba 2024.) Kwa Mama Z hii vurugu ilikuwa baraka. Unity inakula gigabaiti nyingi na kwa ile laptopu yake ilikuwa inafunguka ukienda kupika ugali ukirudi, Godot unaidownload kwa bando ndogo na inafunguka hapo hapo.

Lakini sehemu kubwa ya semista hiyo aliimalizia kwa Blender. Mabango ya vyuo hivi yote yanaonyesha kitu kimoja, mashujaa wa 3D, mwanga unameta, mapanga, na mtu mgeni anaamini hiyo ndiyo gemu. Darasani kuna vijana wa miaka ishirini wamekuwa wakichora tangu primary, wanamaliza kichwa cha mtu kwa jioni moja. Yeye anachukua wiki. Akaamua dawa ni kupunguza usingizi. Anatoka darasani saa mbili na nusu usiku, anafika nyumbani karibu saa nne, anakaa na Blender mpaka saa nane, saa kumi na moja ameamka kutayarisha watoto. Hakuna mtu alimlazimisha. Alikuwa anaogopa kuitwa mzee.

Disemba 2023 kulikuwa na ile blakauti ya nchi nzima, Jumapili jioni. Betri yake ikazima na kazi ya mwisho ya somo la 3D ilikuwa imefunguliwa, haijaseviwa, na kopi ya pekee ilikuwa kwa flash ambayo ilikuwa ndani ya hiyo hiyo laptopu. Faili ikaharibika. Akafeli somo. Aliponipigia hakulia, aliniuliza tu kama mtu akitoka sasa anarudishiwa karo kiasi gani.

Nilimwomba asiamue kitu kabla ya mwisho wa Januari. Sababu yangu ilikuwa ndogo: darasa lao lilikuwa linajiunga na Global Game Jam, ile ya kutengeneza gemu kwa siku chache kwa mada moja, na nilitaka aone kazi ikifanywa na watu wengi badala ya peke yake usiku. Mada ya 2024 ilikuwa ya kuchekesha. Akasema wazi kwa kikundi kwamba yeye saa tatu usiku anaenda nyumbani, asubuhi anarudi. Wakakubali. Na kumbe kulala kulimsaidia, juu asubuhi ya pili wengine wote walikuwa wamechoka hawaoni makosa yao na yeye akafika na macho mapya, akacheza, akawaambia hapa mchezaji hajui anafaa kufanya nini. Walikuwa wamezoea gemu yao mpaka hawaoni. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu darasani alimwambia "rudia tena hiyo umesema."

Nyumbani mambo yakatoka

Wakati huo huo, Januari, karo za watoto. Kawaida yao ni kila mtu nusu. Mama Z hakuwa na nusu yake. Mume akauliza, akazungushwa, mwisho akaona karatasi ya mshahara iko kwa meza na makato ya mkopo ambao hajui. Naambiwa hakupiga kelele. Alisema, "Pesa tutatafuta. Lakini mimi mambo ya nyumba yangu nayasoma kwa karatasi?" Akanyamaza siku tatu.

Aliyesaidia ni wifi yake mkubwa, dada ya mume, akaja Jumapili akawaketisha. Kwa kaka yake akasema, "Wewe ulipoenda kozi ya sola si huyu alikaa na watoto?" Kwa Mama Z akasema, "Na wewe wifi, kuficha hakufai, leo ungekuwa umekufa tungeambiwa deni kwa matanga." Wakaandika ratiba kwa karatasi wakaibandika kwa friji: Jumanne na Alhamisi baba anapika, Jumapili hakuna laptopu, na mkopo ukaingizwa kwa bajeti ya nyumba kama deni la wote. Nawaambia ukweli, hiyo karatasi ya friji ilifanya kazi kuliko ushauri wangu wote. Ilikuwa imechelewa miezi mitano tu.

Gemu ya matatu

Semista ya pili ilikuwa na mradi wa kikundi, watu watano. Wazo la vijana lilikuwa zuri: wewe ni mwenye matatu, una gari moja ya abiria 14, unabeba watu, unapata pesa, unanunua ya pili, unapaka rangi, unaweka muziki. Wakagawana kazi na mmoja akamgeukia Mama Z kwa heshima kabisa akamwambia, "Auntie, si wewe utuandikie tu ripoti?" Akakubali. Hapo mimi ningekubali pia, ukiwa mgeni chukua kazi iliyoko, ila aliomba kitu kimoja, acheze kila toleo kabla ya kuliandikia.

Akacheza. Gari ni maridadi, muziki uko sawa, na baada ya robo saa alikuwa na pesa ya kununua kila kitu na hakuna swali lililobaki. Akakumbuka kile kitabu chake cha mazoezi. Akauliza kikundi, "Hii pesa ikishaingia inaenda wapi?" Wakasema mafuta. Mafuta tu? Mafuta tu. Na bei ya mafuta haibadiliki.

Jioni hiyo hakuandika ripoti. Alikata makaratasi, akachukua vifuniko vya soda akafanya pesa, akatengeneza gemu nzima juu ya meza ya kantini. Kila siku ya gemu unachukua karatasi: mvua (nauli imepanda lakini jam imekula trip mbili), kanjo, yaani askari wa kaunti (toa pesa), tairi (ama uweke leo kwa bei hii ama upasuke Ijumaa kwa bei mara tatu). Kila jioni dereva analeta hesabu na instolmenti ya mkopo inatoka kabla hujagusa kitu. Vijana wakacheza hiyo ya makaratasi mpaka kantini ikafungwa. Mmoja alifilisika mara tatu na bado akasema tuanze tena.

Halafu akafika kwa kitu ambacho mimi naona ndicho kilibadilisha kila kitu. Kwa gemu yao ya kwanza, ukiwa na gari mbili unapata mara mbili, ukiwa na nne mara nne, yaani aliye mbele anazidi kwenda mbele na hakuna kinachomrudisha. Watengenezaji wa gemu wanaijua hii shida vizuri, ukitangulia mapema umeshinda na saa nzima iliyobaki ni kusubiri tu. Vijana walijaribu kuitibu kwa kupandisha bei ya gari ya tatu. Mama Z akasema hapana, maisha hayako hivyo. Kwa faili zake za miaka yote, wenye gari waliozama kwa mkopo mara nyingi walikuwa wale walikimbilia ya pili kabla ya kumaliza deni la kwanza, si wale wa gari moja. Gari moja unaendesha mwenyewe ama unajua dereva wako. Gari ya pili unaanza kuamini mtu. Hesabu inakuja pungufu, unaambiwa kulikuwa na msako, na huwezi kuwa steji mbili kwa wakati mmoja. Akaweka hiyo kwa sheria za gemu: kila gari unaongeza, uwezekano wa hesabu kupungua unapanda, na unaweza kuushusha ukimlipa dereva vizuri ama ukikaa steji siku hiyo badala ya kufanya kitu kingine. Sasa kununua gari ya tatu likawa swali la kweli. Wachezaji wakaanza kubishana, na darasani watu wakibishana juu ya gemu yako ujue iko hai.

Hesabu zote aliziweka Excel, shiti moja ya pesa inayoingia, moja ya inayotoka, moja ya siku sitini za gemu ambapo unabadilisha namba moja unaona mchezaji wa kawaida anafilisika siku gani. Kijana wa programu alimwambia mwalimu wao kwamba hiyo shiti ilimpunguzia kazi ya wiki.

Kati ya Aprili na Juni masomo yalikatika katika, mafuriko ya Aprili na Mei, halafu maandamano ya mwisho wa Juni tao ikafungwa jioni kadhaa. Kikundi kiliendelea kwa sababu kazi yao nyingi sasa ilikuwa makaratasi na shiti, unaweza kuifanya ukiwa Umoja ama Rongai, na faili ziko kwa Git, mfumo wa kutunza kila toleo la kazi ya kikundi, hakuna tena mambo ya flash.

Kugeuza njia

Baada ya hapo alikuja kwangu na swali la moja kwa moja: arudie somo la 3D akazane, ama abadilishe? Tulikaa tukaangalia soko. Januari 2024 Microsoft peke yake ilifuta kazi watu 1,900 kwa idara yake ya gemu, na wachoraji wazoefu wa nje walikuwa wanatafuta kazi kwa intaneti kama yeye. Hapa kwetu studio ni chache na ndogo. Njia ilifunguliwa na watu kama Wesley Kirinya, aliyetengeneza gemu Nairobi miaka ya 2000 kisha akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana mwaka 2009, na mpaka leo studio nyingi za ukubwa huo zinaishi kwa kazi za kuagizwa: shirika linataka gemu ya afya, ya kilimo, ya pesa. Gemu ya namna hiyo inahitaji mtu anayeelewa jambo lenyewe na anaweza kuligeuza liwe sheria. Akaamua: 3D arudie apate tu alama ya kupita, nguvu yake yote aiweke kwa dizaini ya mifumo na uchumi wa gemu, yaani sheria na hesabu za pesa ndani ya gemu. Akaongea na mwalimu, mradi wa mwisho ukakubaliwa uwe hati ya dizaini, shiti za hesabu na toleo dogo linalochezeka, picha afanyiwe na wenzake.

Kazi yake moja ya kuandika naipenda sana. Waliambiwa wachambue mchezo wowote wa zamani. Babu yake alikuwa mtu wa pwani, akachagua bao. Aliandika kwamba bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kwenye shimo maalum linaloitwa nyumba na mbili mbili kwa mashimo mawili ya pembeni, na 22 anazo mkononi anaziingiza moja moja, hatua inayoitwa kunamua, mpaka ziishe ndio uanze mtaji, hatua ya kucheza na kete zilizo ubaoni tu. Mtoto hapewi hiyo. Mtoto anapewa bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua, unaanza kutembea hapo hapo. Yaani wazee walikuwa wametengeneza levo ya wanaoanza, ubao ule ule, kete zile zile, wametoa tu sehemu ngumu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa lote.

Kuitoa

Walitaka gemu ya matatu iingie Play Store. Kujiandikisha ni dola 25 mara moja, hiyo walichanga. Kilichowashangaza ni sheria mpya ya Google ya Novemba 2023 kwamba akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate wajaribu 20 wakae kwa majaribio siku 14 mfululizo (baadaye wakashusha mpaka 12). Vijana wakaweka kwa magrupu yao, watu wanajiunga leo kesho wametoka. Mama Z akapeleka kwa chama. Kina mama wa chama hawatoki kwa kitu wamesema wataingia. Akaongeza wenye matatu aliowahi kuwapa mikopo na wengine aliowahi kuwanyima. Walijaza nafasi zote na maoni yao yalikuwa ya maana kuliko ya darasa, mmoja alituma sauti ya WhatsApp ndefu akieleza kwamba kwa gemu kanjo anakuja asubuhi lakini kila mtu anajua wanakuja saa ngapi kwa ile steji.

Alipofika

Alimaliza mwanzoni mwa 2025. Atachimenti alipata kwa studio ndogo iliyokuwa inatengeneza gemu ya kufundisha vijana mambo ya akiba na mikopo, wakamweka kwa mkataba wa siku tatu kwa wiki. Sacco aliiacha mwisho wa 2024, na siku zilizobaki anashika vitabu vya vyama viwili. Ukijumlisha yote anapata chini ya mshahara wake wa zamani. Mkopo bado unalipwa. Ile gemu ya matatu ina wachezaji mia kadhaa, haijaleta pesa ya maana. Mtoto mkubwa alifanya KCSE 2024 na Mama Z anasema visiting mbili alikosa, hizo hazirudi. Presha pia ilipanda ile semista ya kwanza na sasa ako kwa dawa. Nikimuuliza kama angerudia anasema ndio kabla sijamaliza swali.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kutoacha kazi mapema. Watu wanapenda hadithi ya mtu aliyeruka, lakini mshahara wa Sacco ndio ulimruhusu kufeli somo moja bila nyumba kuanguka.

Pili ni ile kazi ya kale. Naisisitiza juu watu wanaokuja kwangu wanataka kuizika: nesi anataka kusahau wodi, mwalimu anataka kusahau chaki. Ofisa wa mikopo amekaa miaka akiangalia vile watu wanaamua wakiwa na pesa kidogo na hofu nyingi, na gemu ya usimamizi ni hiyo tu, maamuzi chini ya upungufu. Kijana wa miaka 20 anaweza kujifunza Excel kwa wiki moja lakini hana faili za watu mia zilizo kichwani. Lakini angalieni, hiyo mali haikuonekana mpaka alipopata mahali pa kucheza na kusema. Kama angekataa ripoti kwa hasira, ama angeiandika bila kuomba kucheza kwanza, angemaliza diploma akiwa mchoraji wa wastani.

Kilichofeli ni mkopo wa siri, na hapo sina njia ya kulainisha. Hakukuwa na njia karo ya chuo ingejificha kwa nyumba yenye karo mbili zingine. Kuficha kulimnyima miezi mitano ya msaada wa mume ambaye, tukija kuona, alikuwa tayari kupika. Laptopu pia ilikuwa akiba ya uongo: betri nzuri na kopi ya pili ya kazi zingegharimu kidogo kuliko kurudia somo.

Chuo nacho kina sehemu yake. Kuna wanafunzi watu wazima kwa kila darasa la jioni na hakuna aliyemuuliza siku ya kwanza alikuwa anafanya kazi gani. Dakika kumi za swali hilo zingemuokolea semista. Pia dizaini ya sheria na hesabu ilifundishwa baada ya picha, na ukianza na picha mwanafunzi anaamini picha ndiyo gemu. Karatasi na vifuniko vya soda vingeweza kuwa somo la wiki ya kwanza, havihitaji stima wala RAM.

Na kuna ukuta ambao yeye hakuujenga. Alipokuwa anatafuta atachimenti na ufadhili, matangazo mengi ya mafunzo ya kidijitali yalikuwa ya vijana, na Katiba yetu kwa ibara ya 260 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 18 ambaye hajafika 35. Sehemu mbili walimwambia wazi umri haukubali, moja baada ya kuona kazi yake na kuisifu. Naelewa vijana wetu hawana kazi na sitaki wanyang'anywe hata nafasi moja. Ila tumesema tunataka gemu zinazojua Kenya, na watu wanaoijua Kenya kwa undani wa faili, wodi, shamba na steji wengi wamepita 35. Wale mnaoandika hayo matangazo, wekeni hata nafasi mbili kwa kila ishirini zisizo na mstari wa umri. Mama Z ametuma ombi tena mwezi huu kwa moja ya hizo sehemu mbili, kwa jina la kikundi, na kiongozi aliyesaini ni yule kijana aliyemwambia aandike ripoti.